Maharage yaliyoota vizuri kisha yakaungua: atrazini ndani ya jani

Mbegu ziliota. Hilo ndilo la kushika kwanza, maana ndilo linalompoteza karibu kila anayekitazama kisa hiki. Maharage yalipandwa katikati ya Oktoba, mvua za vuli zilipoanza, kwenye shamba la ekari moja ambalo masika lilikuwa na mahindi. Siku ya saba mistari ilionekana. Siku ya kumi shamba lote lilikuwa la kijani, bila mapengo. Siku ya 16 kingo za yale majani mawili ya kwanza zikageuka njano. Kufika siku ya 20 njano ilikuwa imeingia kati ya mishipa na kingo zimekauka zikawa rangi ya kaki. Siku ya 25, katika baadhi ya mistari, vilibaki vijiti tu.

Ni hali inayojirudia kwenye maeneo yenye misimu miwili ya mvua, kaskazini mwa Tanzania na nyanda za juu za Kenya, ambako mahindi ya masika hufuatwa na maharage ya vuli kwenye udongo uleule. Hapa tunaifuata kwa shamba moja la mfano, kwa vipimo vya kawaida vya shamba la namna hiyo, kuanzia jani lililoungua hadi kwenye bomba lililopuliza.

Historia ya shamba ni fupi. Katikati ya Aprili, mahindi yakiwa na majani matatu, lilipulizwa atrazini, dawa ya kuua magugu, ya maji yenye gramu 500 za kiambato amilifu kwa kila lita. Kibandiko cha chupa kilisema lita 3 kwa hekta. Shambani zilitumika lita 3 kwa ekari. Ekari ni mita za mraba 4,047, yaani hekta 0.4, kwa hiyo dozi ilizidi karibu mara mbili na nusu: badala ya kilo 1.5 za kiambato kwa hekta, zilimwagika kilo 3.7. Magugu yalikufa, mahindi yakasimama, mavuno yakapatikana. Kosa hili halijitangazi msimu linapofanyika. Mahindi hulificha, na maharage ndiyo yanayolipa miezi sita baadaye.

Ramani ya uharibifu

Kabla ya kung'oa mche wowote, zunguka shamba na uchore. Ugonjwa wa udongo huwa na mabaka yasiyo na umbo, mara nyingi pale maji yanapotuama. Wadudu huanzia pembeni au hutawanyika. Bomba huchora mistari.

Katika shamba hili maharage yote yalikuwa dhaifu, lakini yaliyokufa kabisa yalikaa kwenye michirizi ya upana wa nusu mita hivi, ikikimbia sambamba na mistari ya mahindi ya zamani. Hapo ndipo mpita mmoja wa bomba ulipopandana na mwingine. Mwisho wa mistari, mpulizaji anapogeuka huku mkono ukiendelea kusukuma mpini, kulikuwa na duara tupu. Kwenye kona ambako majivu ya jikoni yamemwagwa kwa miaka, hakuna mche uliopona. Kwa upande mwingine, palipokuwa na zizi la ng'ombe zamani, maharage yalikuwa ya kijani mpaka ukingoni mwa jani, na mpaka kati ya yaliyopona na yaliyougua ulifuata mpaka wa ile samadi ya zamani kama uliochorwa kwa kamba.

Majivu na samadi vinaeleza mengi, tutavirudia.

Jani lenyewe lichunguzwe kwa karibu. Chukua jani la mche uliougua nusu, ulinyanyue dhidi ya jua. Ukingo umekauka na kukatika ukiugusa. Ndani yake kuna ukanda wa njano. Katikati, kando ya mshipa mkuu, bado kuna kijani. Jani changa la juu, lile la vijani vitatu ambalo ndilo kwanza linafunguka, ni zima. Ung'oe mche: mizizi ni myeupe, haijaoza, na vinundu vya bakteria vimeanza kujitokeza.

Picha hiyo huondoa washukiwa wengi. Upungufu wa naitrojeni hufifisha jani zima, hauanzi kwa ukingo kuungua. Upungufu wa madini ya chuma hupiga majani machanga kwanza. Funza wa shina la maharage huacha shina lililovimba na kupasuka usawa wa udongo, na ukilichana utakuta buu au pupa wa kahawia chini ya ganda. Kuoza mizizi huonekana kwenye mizizi yenyewe. Anayefanana kweli na atrazini ni upungufu wa potasiamu, kwa sababu nao huunguza kingo za majani ya zamani. Lakini potasiamu haipungui kwa michirizi ya nusu mita, na mche wa siku 16 ulikuwa bado na akiba ya mbegu.

Kwa nini yaliota

Mbegu ya harage inapoota haihitaji jua. Vile vipande viwili vinavyoinuka juu ya udongo vimejaa wanga na protini, na nguvu ya kusukuma mche hutoka kwenye mitokondria, zinazovunja sukari kwa oksijeni usiku na mchana. Atrazini, kwa kiasi kinachopatikana shambani, haigusi njia hiyo. Mizizi, shina changa na majani ya kwanza vyote vinaweza kujengwa juu ya udongo wenye sumu bila dalili hata moja.

Wakati huo huo mche unakunywa. Atrazini huyeyuka kwenye maji kidogo tu, miligramu 33 hivi kwa lita, lakini hicho kidogo huingia kwenye mizizi pamoja na maji na kupandishwa kwenye mirija hadi majani. Maji hutoka kwa mvuke, atrazini hubaki. Inarundikana pale mirija inapoishia, yaani ukingoni, na kwenye majani yaliyokaa muda mrefu zaidi yakivuta maji, yaani yale ya chini. Haiteremki tena kwenda kwenye majani machanga. Ndiyo sababu jani la juu ni zima na la chini limeungua, na ndiyo sababu kuungua kunatoka nje kwenda ndani.

Kisha vipande vya mbegu vinanyauka na kudondoka. Kuanzia hapo mche unatakiwa kuishi kwa majani yake.

Kiti kimoja, na nani amekikalia

Ndani ya kloroplasti, vile vichembe vya kijani vya seli ya jani, kuna tando zilizopangwa kama sahani zilizobebanishwa. Kwenye utando huo mwanga hupiga mtambo unaoitwa fotosistemu ya pili. Klorofili maalumu katikati ya mtambo hupoteza elektroni, na pengo lake hujazwa na elektroni iliyotolewa kwenye maji. Oksijeni tunayovuta ni mabaki ya kazi hiyo. Elektroni iliyoruka hupita kwa vibebaji, kimoja baada ya kingine: hupokelewa na feofitini, ikapitishwa kwa kwinoni ya kwanza, QA, ambayo imefungwa mahali pake na haiondoki. QA humkabidhi jirani yake, QB.

QB ni plastokwinoni inayokuja na kuondoka. Inaingia kwenye kishimo cha protini iitwayo D1, inapokea elektroni moja, inasubiri ya pili, inachukua protoni mbili kutoka nje ya utando, halafu inachomoka ikiwa imebeba mzigo wake. Nyingine tupu inaingia. Mzigo unakwenda kwenye changamano la saitokromu b6f, kisha plastosianini, kisha fotosistemu ya kwanza, na mwisho feredoksini huutumia kutengeneza NADPH. Protoni zilizobebwa hujaa upande wa ndani wa utando, na zinaporudi kupitia kimeng'enya cha ATP hukizungusha, nacho hutengeneza ATP. NADPH na ATP ndizo fedha mbili zinazonunua sukari kutoka kwenye kaboni dioksidi.

Atrazini inakaa kwenye kishimo cha QB. Inajishika kwa vifungo vya hidrojeni karibu na asidi amino ya serini iliyo nafasi ya 264 kwenye mnyororo wa D1. Haipokei elektroni, haitoi elektroni, haivunji chochote. Imekalia kiti tu, na plastokwinoni ikija inakuta hakuna nafasi.

Wengi wanaofundisha suala hili huishia hapo: elektroni zimezuiwa, NADPH haitengenezwi, sukari haipatikani, mmea unakufa njaa. Maelezo hayo ni nusu ya kweli, na nusu iliyokosekana ndiyo inayoua. Mmea uliofichwa gizani nao hautengenezi sukari, lakini huchukua siku nyingi kufifia na hauungui kingo. Maharage ya kisa hiki yaliungua ndani ya siku chache, na yale yaliyokuwa kivulini mwa mgomba yalichelewa kuliko yaliyo juani, ingawa udongo ulikuwa mmoja.

Tofauti ni mwanga usio na pa kwenda. Jua haliachi kupiga kwa sababu kiti kimekaliwa. Klorofili inaendelea kunyonya mwanga, QA imejaa, elektroni inarudi nyuma badala ya kusonga mbele, na klorofili inaangukia kwenye hali ya tripleti, hali inayodumu muda wa kutosha kukutana na oksijeni ya kawaida na kuigeuza kuwa oksijeni ya singleti. Hii ni oksijeni kali sana. Inaishi sehemu ndogo mno ya sekunde, lakini imezaliwa katikati ya utando wenye mafuta laini, na mafuta hayo ndiyo inayoyashambulia. Karotenoidi, rangi za njano za jani, zipo hapo kwa kazi ya kuizima, na kwa mwanga wa asubuhi huweza. Mchana wa jua kali zinazidiwa. D1 yenyewe inachakaa. Hata kwenye mmea mzima protini hii hubomolewa na kutengenezwa upya mfululizo, ila sasa ubomoaji umeupita ujenzi. Mafuta ya utando yanapoharibiwa na oksijeni, utando unavuja, maji ya seli yanatoka, ukingo unakauka.

Kwa hiyo jani linauawa na nishati iliyozidi mahali pasipo na mfereji, huku pembeni, kwenye upande wa sukari, likiwa kweli na njaa. Mambo yote mawili yanatokea kwenye seli moja kwa wakati mmoja. Mitokondria bado zinafanya kazi, lakini zinachoma akiba ambayo hairudishwi. Fotosistemu ya kwanza inaweza kuendelea kuzungusha elektroni zake yenyewe na kutoa ATP kiasi, ila bila elektroni mpya kutoka kwenye maji hakuna NADPH ya kuijengea sukari.

Hii ndiyo sababu ya ushauri ambao wengi huushangaa: usijaribu kuyaokoa maharage haya kwa mbolea ya majani. Urea iliyopulizwa inataka ATP na NADPH ili igeuzwe kuwa asidi amino, na jani halina. Utaongeza chumvi kwenye ukingo ambao tayari unavuja.

Jinsi ya kuitofautisha na sumu nyingine za nishati

Paraquat, dawa nyingine ya magugu, nayo hucheza na elektroni, lakini mahali pengine. Inazidaka mwishoni, kwenye fotosistemu ya kwanza, na kuzikabidhi kwa oksijeni mara maelfu bila yenyewe kuisha. Jua likiwa kali majani hunyauka ndani ya saa chache, na madoa yanakaa pale tone lilipotua. Haipandi kutoka udongoni, kwa sababu udongo wa mfinyanzi huishika kwa nguvu. Maharage yaliyoota yakakaa wiki mbili yakiwa mazima hayakuuawa na paraquat ya masika.

Kulikuwa pia na kundi la dinitrofenoli, kama DNOC na dinosebu, lililofanya kazi kwa kutoboa akiba ya protoni: protoni zinarudi bila kupita kwenye kimeng'enya cha ATP, na nishati yote inakuwa joto. Hizo hazichagui kati ya kloroplasti na mitokondria, na mitokondria tunazo sisi pia. Ndiyo maana zilikuwa hatari kubwa kwa mpulizaji na nchi nyingi zikaziondoa. Glifosati haipigi mtambo wa mwanga moja kwa moja. Inaziba njia ya kutengeneza baadhi ya asidi amino, na dalili zake huanzia kwenye machipukizi, kinyume kabisa na tulichokiona hapa.

Mahindi yalisimamaje

D1 ya mahindi ina kishimo kilekile. Ukitenga kloroplasti za mahindi na kuzimwagia atrazini, zinazibwa kama za maharage. Kinachoyaokoa mahindi ni kwamba atrazini haifiki kwenye kloroplasti ikiwa nzima. Ndani ya jani, vimeng'enya vya glutathioni S-transferasi huing'oa klorini yake na kuweka molekuli iitwayo glutathioni mahali pake. Kilichobaki hakiingii tena kwenye kishimo. Kwenye mizizi, kemikali za mahindi ziitwazo benzoksazinoni hubadilisha sehemu nyingine kuwa hidroksiatrazini, ambayo haina nguvu hiyo. Harage linavyo vimeng'enya vya aina hiyo, lakini haviendi kwa kasi inayotosha. Mahindi machanga yaliyobanwa na baridi na matope nayo hufifia njano kidogo, kwa kuwa mmea uliopoa huisafisha sumu polepole.

Ushahidi kwamba kishimo hicho ndicho chenyewe ulitoka kwenye gugu. Mwaka 1970 G. F. Ryan alichapisha taarifa ya kitalu cha miti katika jimbo la Washington, Marekani, ambako atrazini na ndugu yake simazini zilikuwa zimetumika mwaka hadi mwaka kwa takriban miaka kumi, na gugu Senecio vulgaris likaacha kufa. Gugu hilo halikuwa na ujuzi wa kusafisha sumu kama mahindi. Kloroplasti zake zenyewe zilikataa kuzibwa. Mwaka 1983 Joseph Hirschberg na Lee McIntosh walionyesha sababu katika Amaranthus hybridus sugu, ndugu wa mchicha tunaokula: kwenye psbA, jeni yenye maelekezo ya kutengeneza D1, herufi moja imebadilika, na serini ya nafasi ya 264 imekuwa glisini. Atrazini imepoteza pa kujishikiza.

Usugu huo una bei, na bei yake inalipwa kwa nishati. Plastokwinoni nayo ilikuwa ikitumia mahali hapohapo, kwa hiyo kwenye mmea sugu elektroni hupita kutoka QA kwenda QB polepole zaidi. Kanola, zao la mafuta, iliyopewa kloroplasti za namna hii nchini Kanada, OAC Triton ya mwaka 1984, iliweza kupulizwa atrazini lakini mavuno yake yalikuwa chini waziwazi kuliko ya kanola ya kawaida. Na kwa kuwa psbA iko kwenye kloroplasti, usugu hurithiwa kwa mama, kupitia mbegu, na chavua haiupeleki shamba la jirani. Anayeona mchicha-pori umebaki wima baada ya atrazini aung'oe kabla haujatoa mbegu.

Miezi sita udongoni

Nusu-uhai wa atrazini, yaani muda wa nusu yake kuvunjika, kwenye udongo wa shamba mara nyingi huchukuliwa kuwa siku 60, lakini hutofautiana sana. Wanaoivunja ni vijidudu, na vijidudu vinataka unyevu. Kati ya Juni na Septemba, kwenye shamba kavu lisilo na mvua, siku huenda na kalenda lakini uvunjaji hauendi nazo.

Tufanye hesabu. Aprili 15 hadi Oktoba 15 ni siku 183. Kwa nusu-uhai wa siku 60 hizo ni nusu tatu, inabaki sehemu moja ya nane. Kilo 3.7 zinakuwa kilo 0.46 kwa hekta. Kwenye michirizi iliyopulizwa mara mbili, 0.93. Kiangazi kikivuta nusu-uhai hadi siku 90, inabaki robo: kilo 0.93 kwenye shamba la kawaida na 1.85 kwenye michirizi, yaani zaidi ya dozi kamili ya mahindi, ikiwa chini ya mbegu ya harage. Kama dozi ingekuwa ile ya kibandiko, mabaki kwa siku 60 yangekuwa kilo 0.19. Hata hicho si kidogo cha kupuuzwa kwa harage. Kibandiko kinachokataza kupanda mikunde msimu unaofuata kina sababu yake.

Sasa majivu. Yanapandisha pH ya udongo, na kwenye udongo wa pH iliyo juu ya 7 atrazini haibadilishwi haraka kuwa hidroksiatrazini kama inavyokuwa kwenye udongo wenye asidi, wala haishikwi sana na chembe za udongo. Inadumu, na iko huru kunywewa. Samadi ya zizi ilifanya kinyume: mboji huishika atrazini na kuinyima maji, na vijidudu ni vingi. Kilo za atrazini pengine zilikuwa sawa pande zote mbili mwezi Aprili. Kilichofika kwenye mizizi ndicho kilichotofautiana.

Kuthibitisha bila maabara

Chukua udongo wa sentimita 10 za juu kutoka sehemu 10 hadi 15 za michirizi iliyokufa, uchanganye. Chukua mwingine kwa njia hiyohiyo mahali ambapo bomba halijawahi kufika, mathalani kando ya ua, lakini udongo uwe wa aina moja. Ujaze kwenye vikopo vilivyotobolewa chini, gramu 500 kila kimoja. Vikopo vinne viwe vya udongo wa michirizi, vinne vya udongo safi, na vinne vya udongo wa michirizi uliochanganywa na makaa amilifu: vidonge vya duka la dawa vilivyosagwa, jumla ya gramu 1 kwa kikopo. Makaa amilifu huidaka atrazini. Makaa ya jikoni yana nguvu ndogo kuliko hayo, usiyategemee kwa jaribio hili.

Panda mbegu nne za maharage kila kikopo, zikiota bakisha tatu. Mwagilia kutoka juu, usiache maji yatiririke chini. Na hapa ndipo jaribio huharibika mara nyingi: vikopo viwekwe juani, si dirishani wala chini ya kibaraza. Ukivinyima mwanga unakuwa umemnyima muuaji silaha yake, na jani litabaki kijani la uongo. Subiri siku 21. Udongo wa michirizi ukiunguza, udongo safi usiunguze, na wenye makaa usiunguze, kesi imekwisha. Yenye makaa nayo yakiungua, tafuta sababu nyingine, pengine chumvi au ugonjwa.

Mwenye kipimo cha mng'ao wa klorofili anaweza kuona mapema zaidi, kabla ya njano. Lifunike jani kwa klipu ya giza dakika 20 hadi 30. Uwiano wa Fv/Fm, unaoonyesha uwezo wa juu wa fotosistemu ya pili, kwa jani zima ni karibu 0.83, na wengi hudanganyika kwa sababu siku za mwanzo za atrazini hauteremki sana. Gizani QA bado inaweza kuwa tupu, na kuzibwa kwa QB hakuonekani. Angalia mkunjo wa kupanda kwa mng'ao baada ya taa kuwaka: kwenye jani lililozibwa, hatua ya J, milisekunde 2 baada ya mwanga, inaruka karibu kufikia kilele, kwa kuwa QA imejaa papo hapo na haina wa kumpokeza. Au pima jani likiwa kwenye mwanga: ufanisi wa fotosistemu ya pili unaporomoka.

Kulifanyia nini shamba

Michirizi iliyokufa isipandwe maharage tena vuli hii, wala kunde, njegere, alizeti, nyanya, kabichi au kitunguu. Mahindi yanafaa, na mtama unastahimili, ingawa kwenye kichanga huathirika. Palipoathirika nusu, hesabu miche: ikiwa chipukizi la juu ni zima na zaidi ya nusu ya majani ya vijani vitatu ni ya kijani, acha. Mizizi inayoshuka chini ya safu yenye sumu huweza kuutoa mche, na mvua zinazoendelea zinawaamsha vijidudu.

Kulima kwa kina cha sentimita 20 hupunguza mkusanyiko kwa nusu ukilinganisha na safu ya sentimita 10, bila kuiondoa hata gramu. Samadi iliyooza vizuri husaidia kweli, na ndiyo dawa ambayo wakulima wengi wanayo. Makaa amilifu kwa shamba zima hayalipi. Hutakiwa kiasi cha mara 100 hadi 200 ya uzito wa atrazini iliyopo. Yaache kwa matuta ya vitalu.

Kabla ya masika, bomba lipimwe. Pima eneo la mita 10 kwa 10, jaza maji matupu kwa kipimo, puliza kwa mwendo wako wa kila siku, kisha pima maji yaliyobaki. Zikitumika lita 2 kwa mita za mraba 100, unapuliza lita 200 kwa hekta, yaani lita 81 kwa ekari, mabomba matano ya lita 16. Lita 3 kwa hekta ni lita 1.2 kwa ekari, na hizo ukizigawa ni mililita 240 kwa kila bomba. Andika namba hiyo kwa kalamu isiyofutika juu ya bomba lenyewe. Nozeli iliyochakaa hubadilisha hesabu yote, kwa hiyo rudia kipimo kila msimu na kila unapobadilisha nozeli. Tikisa chupa kabla ya kupima, kwa sababu dawa ya aina hii hutuama, na atakayepima bila kutikisa atapuliza maji mwanzoni na tope mwishoni. Simika vijiti kuonyesha upana wa mpita, na ukifika mwisho wa mstari funga kifyatulio ndipo ugeuke.

Februari rudia vikopo vya udongo wa michirizi, safari hii bila makaa, maharage kwenye vikopo vinne na mahindi kwenye vikopo vinne. Siku ya 21 nyanyua jani la chini la harage dhidi ya jua. Ukingo ukiwa wa kijani mpaka mwisho, shamba liko tayari kwa maharage. Ukiwa na uzi wa njano, hata mwembamba, panda mahindi, na usipulize atrazini juu yake.